Chagua Anga Kwanza, Ndipo Uchague Ufuko

Mtu akisikia kwamba roketi itarushwa mahali fulani, swali lake la kwanza huwa ni hili: nitaruhusiwa kusogea karibu kiasi gani? Swali hilo ndilo linalowapoteza watu wengi, kwa sababu roketi haikai pale inaporushiwa. Sekunde kumi baada ya moto kuwaka, jukwaa limeshabaki tupu. Dakika moja na nusu baadaye mawingu yote yako chini yake, na dakika ya tatu inapotimia roketi ya setilaiti huwa juu karibu mara kumi kuliko ndege ya abiria. Anayechagua mahali kwa kuliangalia jukwaa anajichagulia sekunde chache za kutazama. Anayechagua kwa kuiangalia njia ya roketi angani anajichagulia dakika nzima, na picha itakayosimulia safari yote.

Kwa hiyo kanuni ninayotaka msomaji abaki nayo ni hii: chagua anga kwanza, ndipo uchague ardhi ya kusimama.

Burundi haina kituo cha kurushia roketi. Hata hivyo, mkazi wa Nyanza-Lac au Rumonge ana shule nzuri ya kujifunzia kazi hii kuliko mkazi wa miji mingi mikubwa. Mbele yake kuna maji mapana ya ziwa yasiyo na jengo wala mti. Ng'ambo kuna milima ya Kongo ya kupimia umbali. Usiku kuna taa za wavuvi wa ndagala, na juu yake hupita chombo cha angani kinachoonekana kwa macho matupu, tena bila kiingilio. Tuanze mahali ambapo roketi zilirushwa kweli katika ukanda wetu, kisha turudi ziwani kufanya mazoezi.

Ngomeni na Malindi: roketi moja, picha mbili

Kituo cha Afrika Mashariki kilichowahi kupeleka setilaiti angani kiko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, pwani ya Kenya. Hapo, katika ghuba ya Ungwana, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma baharini: San Marco la kurushia na Santa Rita la kuongozea. Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilipanda kutoka hapo, zikibebwa na roketi za Kimarekani aina ya Scout, zenye hatua nne za fueli ngumu na urefu wa mita 20 na ushei. Ya kwanza iliondoka tarehe 26 Aprili 1967. Iliyovuma kuliko zote iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, nayo ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Kwa nini Ngomeni? Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na karibu na ikweta uso wake husafiri kama mita 465 kwa sekunde. Roketi inayoelekezwa mashariki kutoka hapo huanza safari ikiwa tayari na mwendo huo. Isitoshe, mashariki ya Ngomeni ni Bahari ya Hindi tupu, kwa hiyo hatua za roketi zilizokwisha fueli zinaweza kuanguka bila kumdhuru mtu.

Hebu tuwaweke watazamaji wawili. Mmoja amesimama Ngomeni, kilomita chache tu kutoka majukwaani. Wa pili amesimama ufukoni Malindi, kilomita 30 na kitu kusini. Nani kachagua vizuri?

Yule wa Ngomeni anauona moto unapowaka, anaona moshi ukitanda juu ya maji, na mngurumo unamfikia mapema, ungali na nguvu. Lakini roketi inaelekea mashariki, yaani inamwacha nyuma. Njia yake inajikunja mbele ya macho yake. Ni kama kulitazama basi likiondoka huku umesimama katikati ya barabara: unaona linapungua ukubwa, huoni mwendo wake. Katika picha yake mstari wa moto utakuwa mfupi, umesimama wima na kisha umejipinda kidogo.

Yule wa Malindi hauoni moto wa kwanza kabisa, kwa sababu mviringo wa dunia unamficha jukwaa. Lakini sekunde chache baadaye roketi inachomoza juu ya upeo, na kwa kuwa yeye yuko ubavuni mwa njia, anaiona ikichora upinde mrefu kutoka kushoto kwenda kulia juu ya bahari. Mtazamaji wa tatu akiwa upande wa Lamu, angeuona upinde huohuo ukitoka kulia kwenda kushoto.

Hakuna aliyekosea kati yao, ilimradi kila mmoja alijua anataka nini kabla ya kupanga safari. Anayetaka moto, moshi na mngurumo husogea karibu, na hata hivyo hukaa nje ya eneo lililofungwa. Anayetaka upinde hukaa ubavuni, mbali kidogo, penye upeo mpana. Anayekwenda bila kuamua hupata nusu ya hiki na nusu ya kile.

Upeo wa macho hupimika

Nimesema mviringo wa dunia unamficha jukwaa mtu wa Malindi. Hilo si la kukisia. Kuna hesabu fupi ambayo kila mpiga picha wa anga anapaswa kuiweka kichwani: chukua kimo cha macho yako juu ya maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 3.57. Jibu ni umbali wa upeo kwa kilomita. Macho yakiwa mita 2 juu ya maji, upeo uko kilomita 5 tu. Ukipanda kilima cha mita 100, unasogea hadi kilomita 36.

Kitu kilichoko mbali nacho kina upeo wake. Jumlisha upeo wako na wa kitu hicho, utapata umbali wa mwisho mnaoweza kuonana. Kitu chenye kimo cha mita 30 juu ya bahari huzama kabisa machoni pa mtu aliyesimama ufukoni kikifika kama kilomita 25. Ndiyo maana kutoka Malindi, chochote kilicho chini ya mita 50 au 60 kule majukwaani hakionekani. Roketi huivuka mita hiyo ya sitini haraka sana, kwa hiyo hasara ya mtu wa Malindi ni ndogo kuliko anavyodhani.

Mkazi wa Nyanza-Lac anaweza kuithibitisha hesabu hii leo bila kununua chochote. Siku ya hewa safi, tazama ng'ambo. Milima ya Kongo iko wazi, lakini ufuko wake, nyumba zake na mitumbwi iliyoegeshwa huvioni. Si kwa sababu macho ni dhaifu. Kwa umbali wa kilomita 40 au 50, mita mia moja na zaidi za chini zimefichwa na mgongo wa maji.

Jaribio la usiku ni zuri zaidi. Simama ukingoni mwa maji usiku wavuvi wakiwa kazini, uhesabu taa. Taa iliyoning'inizwa mita moja na nusu juu ya maji huonekana hadi kilomita 9 hivi kutoka ufukoni. Kisha panda barabara inayokwenda Mabanda na Makamba, mpaka mahali ambapo ziwa liko mita mia chini yako, uhesabu tena. Taa zitakuwa nyingi zaidi, kwa sababu sasa jicho lako linafika karibu kilomita 40. Mtu aliyeliona jambo hilo kwa macho yake hahitaji tena kushawishiwa kwamba mita chache za kimo zinaweza kuwa na faida kuliko kilomita nyingi za safari.

Luvua: wakati roketi zilikuwa jirani

Wengi kwenye mwambao huu hawajui kwamba roketi ziliwahi kurushwa jirani kuliko Malindi. Kampuni ya Kijerumani iitwayo OTRAG, iliyoanzishwa na mhandisi Lutz Kayser mwaka 1975, ilipewa na serikali ya Mobutu, rais wa Zaire (Kongo ya leo), eneo kubwa kaskazini ya Shaba, ambayo baadaye iliitwa tena Katanga, na ikajenga kituo juu ya bonde la mto Luvua. Roketi zake za majaribio ziliruka tarehe 17 Mei 1977, 20 Mei 1978 na 5 Juni 1978. Hiyo ya tatu ilishindwa mbele ya Mobutu mwenyewe. Mwaka 1979 Zaire ikaiamuru kampuni isitishe kazi.

Kutoka Nyanza-Lac hadi kituo kile ni kilomita 400 hivi, upande wa kusini, ukiinamia kidogo magharibi. Je, mtu aliyesimama ufukoni angeweza kuona chochote? Tufanye hesabu, kwa kuwa ni zoezi zuri. Kwa umbali huo, roketi lazima ipite kimo cha kilomita 12 ndipo ichomoze juu ya upeo. Tukichukulia imefika kilomita 20, ingekuwa nyuzi 1 tu juu ya maji. Nyoosha mkono wako mbele: upana wa kidole kidogo ni nyuzi 1, na upana wa ngumi ni nyuzi 10. Kwa hiyo roketi yote, na safari yake yote, ingefichwa na kidole kimoja kidogo, tena katika sehemu ya anga yenye vumbi, moshi na mvuke mwingi kuliko zote.

Fundisho la Luvua ni kwamba hesabu ikikwambia kitu kiko juu ya upeo, haijakuahidi kwamba utakiona. Chini ya nyuzi 5 usitegemee kitu isipokuwa usiku, hewa ikiwa imeoshwa na mvua. Nyuzi 10 ni mwanzo wa matumaini. Kuanzia 20, unaweza kupanga picha.

Uelekeo: soma matangazo ya hatari

Utajuaje roketi itaelekea wapi? Kabla ya kurusha, wenye kituo hutoa matangazo kwa marubani na mabaharia, yakitaja maeneo ya anga na bahari yatakayofungwa kwa muda. Matangazo hayo yamewekwa kwa usalama, na kwa mpiga picha ni ramani ya njia ya roketi. Chora maeneo hayo kwenye ramani, yaunganishe kwa mstari kutoka kwenye jukwaa, na huo ndio uelekeo. Sasa tafuta mahali pa wazi ubavuni mwa mstari huo.

Waswahili walioko Marekani wanaweza kulijaribu hili Florida. Titusville iko magharibi ya majukwaa ya Kennedy, ng'ambo ya mto Indian River, kilomita 19 hivi kutoka jukwaa la 39A. Ni mahali pazuri pa kuona roketi ikinyanyuka, lakini roketi huenda baharini ikimwacha mtazamaji. Aliyeko Cocoa Beach, kusini, yuko mbali zaidi na hupata upinde juu ya bahari. Walioko Oman nao wamekaribia jambo hili: Desemba 2024 roketi ya majaribio, Duqm-1, ilirushwa kutoka kituo cha Etlaq, Duqm, kwenye pwani ya Bahari ya Arabuni. Kanuni ni zilezile za Ngomeni, kwa sababu pwani zote hizo zinatazama maji ya mashariki.

Mwanga na saa

Mahali pazuri saa tatu asubuhi panaweza kuwa pabaya saa kumi jioni. Ufuko wa Nyanza-Lac unatazama magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni mwako, ziwa na milima ya Kongo vinaangazwa vizuri. Alasiri jua liko mbele, na kila kilicho majini kinakuwa kivuli cheusi. Malindi ni kinyume chake. Kwa picha ya mchana yenye kuonyesha rangi na umbo la roketi, tafuta mahali jua litakapokuwa nyuma yako.

Ila saa iliyo nzuri kuliko zote si mchana wala usiku wa manane. Ni giza la kwanza baada ya machweo, na la mwisho kabla ya mapambazuko. Wakati huo ardhi iko gizani lakini kule juu, kilomita mia na zaidi, jua bado linawaka. Moshi na gesi za roketi zikipanda kutoka kwenye kivuli cha dunia na kuingia kwenye jua hilo, hupanuka na kung'aa kama wingu la fedha na samawati, na huonekana kutoka mamia ya kilomita. Huku kwetu jua huzama karibu wima, kwa hiyo kipindi hicho ni kifupi: baada ya saa moja na robo hivi giza limeshika kabisa. Mtu wa ikweta hana nafasi ya kuchelewa.

Kuhusu saa, kuna mtego unaowanasa watu wengi. Ratiba za angani huandikwa kwa saa za dunia, yaani UTC. Burundi na mashariki ya Kongo huongeza saa mbili. Tanzania na Kenya huongeza tatu. Ukivuka mpaka wa Mugina kwenda Kigoma, ufuko ni uleule na ziwa ni lilelile, lakini saa imesogea. Setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa kwa roketi ya Falcon 9 kutoka Vandenberg, California, tarehe 15 Aprili 2023 saa 06:48 UTC. Nyanza-Lac ilikuwa saa mbili na dakika 48 asubuhi, na Nairobi saa tatu na dakika 48. California kwenyewe ilikuwa bado usiku wa tarehe 14. Aliyechanganya saa hizo aliikosa, hata kama mahali alipochagua palikuwa pazuri namna gani.

Sauti na usalama

Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, yaani kila kilomita moja huchukua sekunde tatu. Aliyeko kilomita 19 huona roketi ikipanda kimya kwa karibu dakika nzima kabla ya mngurumo kumfikia. Hili pia hufanyiwa mazoezi ziwani. Msimu wa mvua, radi zinapopiga juu ya Kongo, hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, ugawe kwa tatu. Anayerekodi video asizime simu roketi inapopotea, kwani sauti inaweza kuwa bado njiani.

Hatari nayo haiishi jukwaani. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likathibitisha kuwa ni kipande cha chombo cha angani. Kipande cha namna hiyo kisiguswe. Kinaweza kuwa na mabaki ya fueli yenye sumu au tangi lenye shinikizo. Vilevile, eneo likifungwa kabla ya kurusha, lisiingiwe kwa mtumbwi wala kwa miguu. Hakuna picha yenye thamani ya maisha ya mtu.

Zoezi la Nyanza-Lac

Sasa turudi kwenye chombo kinachopita juu yetu. Kituo cha Kimataifa cha Anga huizunguka dunia kila baada ya dakika 90 na kitu, kwenye kimo cha kilomita 400 na ushei, kwa mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa. Kikipita wakati wa giza la kwanza au la mwisho, huonekana kama nyota angavu isiyometameta, ikikata anga kwa dakika sita hivi. Kituo cha Wachina, Tiangong, nacho huonekana hivyohivyo. Huduma ya NASA iitwayo Spot the Station, au Heavens-Above, hutoa saa, uelekeo na kimo kwa nyuzi kwa kila mahali. Kujifunza kukipiga picha ni kujifunza kupiga picha ya roketi. Tofauti ni kwamba roketi huahirishwa mara kwa mara, na kituo hiki hakichelewi.

Hapa ndipo mwambao wetu unapoonyesha neema yake. Juu ya Nyanza-Lac kituo hicho huja kutoka kaskazini-magharibi au kusini-magharibi, na huenda upande wa mashariki. Jioni jua limezama magharibi, kwa hiyo kituo huanza kikiwa kinang'aa na huzimika kinapoingia kwenye kivuli cha dunia upande wa mashariki. Hiyo ina maana kwamba sehemu bora ya safari yake ya jioni hupita juu ya ziwa, mbele yako, bila kizuizi. Alfajiri ni kinyume. Hutoka kwenye kivuli kikiwa kimeshapanda na kushukia mashariki, ambako milima yetu inakizuia. Alfajiri bora ni ya majirani wa Baraka na Kalemie, ambao ziwa liko mashariki yao. Kwa hiyo mtu wa Nyanza-Lac achague jioni, katika ile saa moja na robo ya mwanzo baada ya machweo.

Mahali gani hasa? Ufuko wa wazi, mbali na taa za hoteli na za soko, unatosha kwa picha nyingi. Ukitaka taa nyingi za wavuvi ndani ya picha, panda mlimani. Mashamba ya michikichi ya Rumonge hupendeza mbele ya picha, ila simama nje ya shamba, michikichi iwe pembeni, la sivyo makuti yatakula anga. Msitu wa Kigwena, kwa uzuri wake wote, si mahali pa kazi hii, kwa kuwa miti imefunga upeo.

Majira nayo yana neno. Kiangazi hakina mvua, lakini vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa hujaa hewani mpaka milima ya Kongo ikapotea. Hewa safi kuliko zote huja siku moja baada ya mvua kubwa. Kipimo chako ni hicho: mikunjo ya milima ya ng'ambo ikionekana wazi alasiri, jioni chukua kamera. Mbalamwezi nayo hufifisha anga, na wakati huohuo wavuvi wa ndagala hupumzika, kwa sababu taa zao hazivuti samaki mwezi ukiwa mpevu. Usiku wa giza unakupa nyota na taa kwa pamoja.

Nenda mahali hapo mchana kwanza. Angalia maji yalipofika, hasa baada ya miaka hii ambayo ziwa limepanda, likafurika sana mwaka 2024 na kumeza fukwe zilizojulikana. Uliza wavuvi njia za viboko, kwa maana hutoka majini usiku kula, na aliyekaa kati ya kiboko na maji yuko hatarini. Mamba nao wapo, kwa hiyo usiweke stendi ya kamera ndani ya maji. Karibu na mpaka, bandari au kambi, mjulishe kiongozi wa mtaa unachofanya, na usielekeze kamera kwa askari wala vituo vyao.

Kamera

Kwa mstari mrefu wa moto usiku, funga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, tumia lenzi pana, weka ISO 100 na tundu la f/8 hadi f/11, na uache mlango wa mwanga wazi kwa dakika mbili hadi nne. Fokasi iwekwe kwa mkono kwenye nyota au taa ya mbali kabla ya wakati, kisha isiguswe. Kwa roketi ya mchana, kasi iwe sekunde 1/1000 au zaidi. Usiiachie kamera iamue mwanga yenyewe, kwani moto wa roketi ni mkali na kamera iliyozoea giza huugeuza doa jeupe.

Kwa kituo cha anga, piga picha nyingi za sekunde 10 hadi 15 kila moja, f/4 au karibu na hapo, ISO 400 hadi 800, kisha uziunganishe kwa programu. Simu nyingi za leo zinaweza kazi hii kwa mpangilio wa kuongoza mwenyewe. Kinachohitajika ni kuiegemeza imara kwenye jiwe au mfuko wa mchanga, na kuiwasha kwa saa ya kusubiri ili kidole kisiitikise. Kando ya ziwa unyevu huganda kwenye lenzi usiku, kwa hiyo kitambaa kikavu na betri ya akiba ni lazima.

Kwa walimu na vijana

NASA na washirika wake wamepanga kukishusha Kituo cha Kimataifa cha Anga baada ya mwaka 2030. Miaka iliyobaki ni michache, na haifai kupita bure kwenye mwambao wenye anga pana namna hii. Mwalimu wa fizikia wa Nyanza-Lac au Rumonge anaweza kuwapa wanafunzi wake kazi ya mwezi mmoja: wapime upeo kwa taa za wavuvi, wapime nyuzi kwa ngumi, wabadili saa za UTC, watabiri kituo kitachomoza wapi, kisha wasimame ufukoni kuona kama hesabu yao imetimia. Ndani ya kazi hiyo kuna jiometria, mwanga, mwendo na sauti, na hakuna hata kimoja kinachohitaji maabara.

Kijana aliyepita katika mazoezi hayo, siku akijikuta Ngomeni, Duqm au Titusville na roketi ya kweli inasubiri, hatauliza watu wengi wamesimama wapi. Atafungua ramani, atachora njia, ataangalia jua na upeo, kisha atakwenda mahali pake akijua sababu. Kujua sababu huko ndiko utaalamu wenyewe, na ziwa liko tayari kuufundisha jioni yoyote isiyo na mawingu.